Nati za Kumi na Tisa

Nikutegee, mjukuu wangu, nawe usikimbilie kujibu. Wawili wamekumbatiana, mmoja kamvaa mwenziwe; ukitaka kuwaachanisha sharti umzungushe mmoja kinyume. Ni akina nani? Umesema mke na mume? Si vibaya, nao watakuja. Ni nati na bolti, na hao ndio nusura wamtenge Kuluthumu na Taufiki wake.

Walikutana stendi ya Ngara siku ya soko, bodaboda na wauza ndizi wakigombea kila upenyo. Kuluthumu alikuwa amebeba sanduku la spea lililoshushwa kwenye basi, dera lake la kijani limeingia vumbi pindoni, mtandio unateleza na mkono wa kuushika hana. Kijana mrefu aliyevaa mabuti akalipokea lile sanduku bila kuombwa. Alijitaja kuwa Taufiki, mkulima wa Biharamulo, anayevuta mahindi kwa trekta na tela kuukuu la Kiingereza. Kuluthumu naye akamwambia duka la spea pale juu ni la baba yake, Mzee Maulidi.

"Kumbe nimembeba mwenye duka," Taufiki akasema.

"Umebeba sanduku, kaka. Mwenye duka anatembea."

Tangu hapo simu zao hazikupoa. Asubuhi Taufiki anamuuliza mpenzi wake kama amekunywa chai, jioni anamsimulia barabara ya Rulenge ilivyomtikisa viungo, na Kuluthumu anamjibu kwamba mtu mzima halalamikii mashimo. Ikaenda hivyo miezi minne, mpaka Alhamisi moja Taufiki aliposimama kaunta, ananukia dizeli na sabuni, akaomba nati tano za spana ya kumi na tisa.

"Meno ya inchi au ya milimita?"

"Tela la Kiingereza hilo. Inchi." Kisha akashusha sauti. "Kulu, nimlete mjomba wangu kwa mzee?"

Mkono wa Kuluthumu ulikuwa ndani ya kopo la nati. Pale dukani nati haitoki mpaka mteja atoe bolti ijaribiwe. Ndivyo Mzee Maulidi alivyomlea. Siku hiyo alihesabu tano, akazifunga kwenye gazeti, akaomba apewe siku mbili za kufikiri. Bolti hakuidai. Hata jina lake mwenyewe, ungemuuliza saa ile, angesitasita.

Kesho yake mchana simu ikalia.

"Umeniuzia nini wewe?"

Hakuna mpenzi, hakuna Kulu. Tairi la kushoto lilikuwa limechomoka kwenye mteremko wa Nyakisasa, tela limelala mtaroni, magunia yametawanyika. "Nusura linilalie," akasema. "Kama hunitaki, si ungesema tu."

Akakata. Kuluthumu alipompigia, haikupokelewa. Kilichomkata maini si ukali ule, maana mtu aliyenusurika ana haki ya kufoka. Ni yale makopo mawili yanayokaa bega kwa bega, la inchi na la milimita. Huenda mkono wake ulichota la jirani, na leo wangekuwa wanamzika mtu aliyempenda kwa kosa lake. Akamweleza baba yake yote, hata lile la mjomba. Mzee akampa bolti mbili, moja ya inchi na moja ya milimita, akamwambia aende akajaribu kwa mkono wake.

Asubuhi iliyofuata bodaboda ilimshusha palepale mteremkoni. Taufiki alikuwa ameketi juu ya gunia, na kando yake Frednand, fundi wa Rulenge anayelitengeneza tela lile. Kuluthumu akamwamkia fundi shikamoo. Taufiki akamsalimia habari za kazi, kama anavyosalimiwa mtu wa ofisini.

Nati tatu zilikuwa zimeokotwa majanini. Akachukua moja, akaijaribu kwenye bolti ya inchi. Ikaingia, ikang'ata. Hakukosea kopo. Akasogea kwenye tela, akaivisha nati ileile bolti ya upande wa kushoto. Ikaingia nayo, lakini inachezacheza, ukiivuta inateleza juu ya meno.

"Fundi, bolti za huku nani alizibadilisha?"

Frednand akakuna kisogo. Alizibadilisha yeye mwaka jana. Alipata za milimita, na kwa kuwa nati zake zilishikwa na spana ileile ya kumi na tisa, akadhani ni zilezile. Za kulia hakuzigusa. Hizo ni za inchi mpaka leo.

Kuluthumu akaketi kwenye nyasi na dera lake safi, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu jana.

Taufiki alikuja akachuchumaa mbele yake. "Uliniuzia nilichoomba. Nimekufokea bure, mpenzi."

"Si bure yote. Sikukudai bolti."

"Na kwa nini? Mzee wako huwadai hata mashehe."

"Ungeuliza habari za mjomba wako siku nyingine, ningeidai."

Taufiki akacheka mpaka akashika goti. Fundi akajifanya anatafuta jeki. Kisha kicheko kikaisha, na kijana wa watu akabaki anafikicha nati vidoleni, hathubutu kuuliza tena.

"Mlete Ijumaa, baada ya swala," Kuluthumu akasema. "Baba ameshaniambia siku hiyo hasafiri."