Kiatu cha Kushoto cha Pilipili

Kabla ya kengele ya asubuhi, kiranja wa darasa alipita kati ya madawati akikusanya karatasi za Kiingereza kwa fahari ya waziri anayekagua gwaride. Pilipili, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu ya hasira zake, alimkabidhi yake. Mguu wake wa kulia ulivaa kiatu, wa kushoto kandambili. Kiatu cha pili kilibaki kwa fundi wa viatu, kule kwao. Mama angekileta Jumamosi, siku ya wazazi kuja bwenini.

Kazi ilikuwa kutunga sentensi yenye maneno "as soon as possible", yaani haraka iwezekanavyo. Pilipili aliandika yaliyomsibu, akimwomba mama amletee kiatu cha kushoto: "Mother, please bring my left shoe as soon as possible."

Baadaye mwalimu wa Kiingereza aliingia amekunja uso, karatasi mbili mkononi.

"Sentensi moja, watoto wawili! Nani kamwibia mwenzake?"

Kiranja akasimama wima kama mlingoti. "Mwalimu, mimi sina tabia hiyo."

"Wewe nakujua. Pilipili! Jumamosi utasugua vyoo mpaka wageni waondoke."

Damu ilimchemka Pilipili hadi masikioni. Mama asafiri na kiatu mfukoni, kisha amkose mwanawe?

"Nimeandika mimi!"

"Keti."

"Siketi!"

Darasa zima likageuka kumtazama. Hata nzi wa dirishani aliona heri atulie.

"Unasemaje, wewe?"

"Utanisamehe, mwalimu, lakini siketi. Muulize kiranja kiatu chake cha kushoto kiko wapi!"

Macho yote yakashuka chini ya dawati la kiranja. Viatu viwili vyeusi vilikuwa vimetulia pale kama mapacha, vinang'aa.

"Mheshimiwa, umeota mguu wa tatu?" sauti ikauliza kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu aliitazama kandambili ya Pilipili, akamgeukia kiranja. "Kiranja?"

"Nilisahau kuandika, mwalimu. Nikanakili karatasi iliyokuwa juu. Hata sikufikiria inasema nini."

"Basi vyoo ni vyako. Nawe binti, nilikuhukumu kwa kutazama cheo cha mwenzako. Nisamehe."

"Nimesikia, mwalimu," alijibu Pilipili, mashavu bado yamevimba.

Mwalimu akaligeukia darasa. "Maneno ya Kiingereza ni ya wote, yatumieni mpaka mchoke. Lakini mnachokisema kwa maneno hayo kitoke kwenu. Sentensi ya wizi ni kiatu cha mwenzio: ukikivaa, utachechemea mbele za watu."

Jumamosi Pilipili alipita karibu na vyoo, amemshika mama mkono, viatu viwili miguuni. Kiranja aliinua kichwa, brashi mkononi, jasho puani.

"Dada, hasira hazijaisha tu?"

Pilipili alichungulia sakafu kwa makini, kama mkaguzi.

"Zitaisha ikitakata," akasema. "As soon as possible."