Kitambaa Namba Saba

Habari hii nilipewa na Sindano mwenyewe, msimu wa mvua uliopita, alipokuja kutengeneza pampu ya kisima chetu. Sasa ni mtu mzima, fundi kamili, lakini alipofika kwenye habari ya kitambaa aliweka spana chini akaangalia pembeni. Nami nimeiandika kama alivyonieleza.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila siku akitoka shule alivua sare, akala harakaharaka, kisha akaingia karakana ya mama yake, iliyopakana na nyumba yao kando ya ziwa. Mama yake alitengeneza boti za starehe, zile za watu wanaokwenda majini kujifurahisha tu. Wateja walimwita Mama Fundi. Binti yake walimwita Sindano, kwa sababu mkono wake mwembamba uliingia hadi kwenye nati ambazo mtu mzima hawezi kuzifikia.

Ukutani mwa karakana kulikuwa na misumari kumi, na kwenye misumari vitambaa kumi vilivyokatwa kutoka shati kuukuu la bluu la mjomba. Kila kimoja kilishonwa namba kwa uzi mwekundu. Tundu lolote la injini likifunguliwa, lilizibwa kwa kitambaa ili nati au mchanga usidondoke ndani. Kazi ikiisha, vitambaa vilirudi ukutani vikahesabiwa. Msumari mmoja ukiwa mtupu, injini haiwashwi hata mteja apige kelele namna gani. Kuhesabu ilikuwa kazi ya Sindano, na mama yake hakuwahi kurudia hesabu yake.

Basi, kulikuwa na mteja mmoja aliyependa kuvaa kofia nyeupe ya unahodha, ingawa kuogelea hajui. Walimwita Kapteni, naye akafurahi, hakujua kama wanamcheka. Jumamosi moja, gati likiwa limejaa watu, Kapteni alipoteza miwani yake ya jua.

"Ni huyu!" alisema, akimwonyesha Sindano kidole. "Ndiye aliyekuwa akifuta boti yangu. Haya, we mtoto, toa!"

"Sijachukua, baba."

"Wezi wote wana adabu hivyohivyo! Mwaga mfuko."

Sindano alimwaga mfuko wa shule juu ya mbao za gati. Yalitoka madaftari, kitana, kifutio na nusu mkate. Miwani haikuwemo. Kapteni akasonya, akaondoka. Mama Fundi alikuwa ameenda dukani kununua nati. Aliporudi alimkuta binti yake anaokota madaftari, akaelezwa yote na watu wa gati.

Siku ya tatu Kapteni alipita akipiga mluzi, na miwani ileile iko puani. Samahani hakuitamka.

Laiti mambo yangeishia hapo. Wanafunzi wenzake walikuwepo siku ile, na tangu hapo kila akiingia darasani walikunja vidole kama miwani machoni. "Sindano, unaona vizuri?" Darasa zima kicheko. Naye alifungua daftari, akiinoa hasira yake kidogokidogo kama mtu anayenoa kisu.

Mwezi uliofuata Kapteni akaja na sanduku zito.

"Mama Fundi, hii ni supachaja. Nifungie. Jumapili kuna mashindano, na yule jirani yangu wa boti nyekundu nataka anywe povu langu."

Alipoondoka, Sindano aliuliza, "Mama, kazi ya yule unaipokea?"

"Nimepokea injini. Mwenye injini ana siku yake."

Sindano aliona mama yake ni mwoga. Akasema moyoni, siku yake nitaileta mimi.

Kazi ilichukua siku tatu. Mama alimweleza kwa subira, kama kawaida yake. Injini huvuta pumzi yenyewe, lakini supachaja inaisukumia hewa kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli nayo huongezwa, na moto wa ndani unakuwa mkali. Ndani yake mna parafujo mbili nene zinazozunguka bega kwa bega bila kugusana. Mkanda unatoka kwenye puli ya injini, lile gurudumu la kuzungushia mkanda, kwenda kwenye puli ya supachaja. Mama aliweka rula ndefu ya chuma kwenye puli zote mbili, akachungulia kwa jicho moja, akalegeza, akapanga upya, mpaka zikawa mstari mmoja.

"Chochote kikiingia kwenye hizi parafujo, zinakwama palepale," alisema. "Zikikwama kwa kasi, mkanda unakatika. Nao ukikatika hauchagui uso wa kuchapa."

Sindano alisikia "zinakwama" tu. Mengine yalimpita. Tayari alimwona Kapteni katikati ya ziwa, injini inakohoa, kofia imeloa, na watu wote ufukweni wamekunja vidole machoni. Utamu wa picha hiyo ulimfanya atabasamu peke yake.

"Unacheka nini?" mama aliuliza.

"Hakuna kitu, mama."

Jioni ile alitafuta kola ya lile shati la mjomba kwenye sanduku la nguo kuukuu. Akakata kipande, akakishona namba saba kwa uzi mwekundu, akakipaka grisi kidogo kionekane cha kazi. Siku ya tatu, mama alipomtuma kufuta bomba la hewa kabla ya kulifunga, alikikunja kitambaa namba saba cha kweli akakibana ndani ya kona ya bomba. Alikibana ubavuni, hewa ipite kidogo. Injini ikienda polepole haitajua kitu. Ikikimbia, itakimeza. Kile cha kola akakitundika kwenye msumari wa saba.

"Hesabu," mama alisema.

"Kumi vimetoka, kumi vimerudi."

Mama hakugeuka hata kutazama ukuta.

Boti ikiwa bado kwenye toroli, waliunganisha mpira wa maji wa kuipoza injini, wakaiwasha. Ilinguruma taratibu, vizuri kabisa. Kapteni alifika na marafiki zake, pamoja na mama yake mzazi, bibi mzee mwenye mkongojo. Watu wakaanza kukusanyika gatini. Boti ikashushwa majini.

"Haya, nipe ufunguo," Kapteni alisema.

"Subiri, bwana," Mama Fundi alijibu. "Kazi yangu siikabidhi bila kuijaribu. Utashika usukani, lakini mimi nakaa kwenye injini, kifuniko wazi, niusikilize mkanda ukienda kasi."

Akaingia, akapiga magoti, akainamisha sikio karibu kabisa na mkanda.

Hapo ndipo yale maneno yaliyompita Sindano yaliporudi. Hauchagui uso. Kapteni alikuwa amesimama mbele kwenye usukani, salama salimini. Uso uliokuwa karibu na mkanda ulikuwa wa mama. Kapteni akaingiza ufunguo.

"Usiwashe!" Sindano alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Mama, toka! Kuna kitambaa! Nimekitia kwenye bomba la hewa!"

Kapteni akaachia ufunguo. Mama Fundi alimtazama, kisha akatazama bomba. Alilegeza klipu, akaingiza vidole viwili, akavuta. Kikatoka kitambaa cha bluu chenye namba saba.

"Si niliwaambia?" Kapteni alifoka. "Mwizi jana, leo muuaji!"

"Kosa hili ni la karakana yangu," Mama Fundi alisema. "Nitaifungua mashine yote mbele yako, nikague kila kitu, nifunge upya. Samahani sana, bwana." Kisha akamgeukia binti yake. "Kwa nini?"

Sindano alilia, lakini alisema. Alisema habari ya miwani, ya mfuko kumwagwa, ya vidole machoni darasani kila asubuhi.

"Miwani ipi?" yule bibi mzee aliuliza. "Ile nyeusi? Mbona niliikalia mimi garini siku ileile! Nikakwambia, mwanangu, miwani yako imenifinya."

Mtu akacheka nyuma, halafu wengi. Kapteni alivua kofia, akaivaa tena.

"Basi, yaishe," alinong'ona.

"Haiishi hivyo," Mama Fundi alisema. "Mimi nimeomba radhi kwa sauti, watu wamesikia. Wewe ulimtuhumu kwa sauti hapahapa. Nilitaka nikukabidhi boti kwanza, ndipo nikudai hilo. Leo ilikuwa siku yako."

Bibi alimgusa mwanawe kwa mkongojo. "Sema, wewe! Au umesahau nilivyokulea?"

"Nilikosea," Kapteni alisema kwa nguvu. "Huyu mtoto si mwizi. Nisamehe, binti."

Ndicho Sindano alichokitamani mwezi mzima. Kilikuwa kitamu, ndiyo, hakunificha. Lakini hakuweza kukimeza, kwa sababu mama alikuwa bado ameshika kitambaa kile.

Walifungua mashine, wakaifunga tena hadi jua likashuka. Wakipanda kutoka gatini kwenda nyumbani, ndipo mama aliposema.

"Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu, nami nilichelewa kuisemea. Hapo nimekosa. Lakini anayekukosea mwendee usoni, mchana, umwambie. Ukilipiza kwa siri, hujui kisasi chako kitamwangukia nani. Na wewe ulikiweka mahali ambapo watu wanakuamini. Mwezi mzima hutagusa injini. Utafua vitambaa."

"Ndiyo, mama."

"Kesho nitakuja shuleni niongee na mwalimu wenu. Hivyo vidole vya machoni vikome."

Walikula, wakazima taa. Karakana ilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba chao. Baada ya muda Sindano alisikia mama anaamka, mlango unalia, tochi inabofywa. Kisha sauti: "Kimoja. Viwili. Vitatu." Kwa mara ya kwanza mama alikuwa anarudia hesabu yake. Sindano alijifunika uso. "Vinne. Vitano. Sita."

Mama alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu.

Sindano alielewa. Akafunua shuka. "Saba, mama," alisema kupitia ukutani. "Ni kile cha kweli. Kile cha kola nimekichoma."

"Vinane," mama aliendelea. "Tisa. Kumi."

Akarudi, akalala upesi, maana alikuwa amechoka. Sindano aliisikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka vizuri, mpaka naye usingizi ukamchukua.