Vazi Lenye Joto

Mshonaji alipoingiza mkono ndani ya vazi la mumewe kutafuta palipotoboka, alikuta lina joto. Lilikuwa joto la mwili, kama shuka ambalo mtu ametoka kulilalia sasa hivi. Vazi lenyewe lilikuwa limetundikwa karakanani tangu mumewe alipotumbukia kwenye ufa huko nje, wenzake wakamwopoa na kumleta nyumbani mzima.

Mzima, ndivyo walivyosema, na watu husema mengi.

Walikuwa wamehamia sayari ile wakiwa maharusi, mume akichimba madini, mke akishona mavazi ya wachimbaji. Huko nje hakuna hewa ya kuvuta, kwa hiyo roho ya mchimbaji iko kwenye mishono, na mume hakuchoka kumtania mkewe: "Ukinuna, nuna, lakini weka sindano chini kwanza." Wakiwa wawili tu alimwita Sindano. Lilikuwa jina la chumbani, halikutoka mlangoni hata siku moja. Naye mke, kwa mapenzi tu, alikata kipande cha gauni lake la harusi, akakishonea ndani ya vazi lile, kifuani, ili mume asiwe peke yake huko aendako.

Tangu aanguke, mume hakutania tena. Alikaa kitandani akiitazama mikono yake, akiifumba na kuifumbua. Ukimgusa, baridi. Alinuka vumbi lililolowa maji, na aliposema "asante" ilikuwa kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mshonaji alimfunika mablanketi, akamkanda, akamlilia. Alitaka mumewe arudi, basi.

Sayari ile haina usiku. Jua lake jekundu linaning'inia pale pale, na watu hulala kwa kushusha pazia. Pazia likiwa chini, mshonaji akasikia mluzi ukitoka karakana. Ulikuwa wimbo ule ule ambao mumewe aliupiga kila alipovaa viatu vya kazi. Aligeuka. Mume yuko ubavuni pake, midomo imefumbwa, macho wazi, anasikiliza.

"Unausikia?" alinong'ona.

"Lichome lile vazi," mume akasema. Ndiyo mara yake ya kwanza kuomba kitu tangu aanguke.

Akamwita shangazi wa mumewe, ambaye kambi nzima ilimkimbilia mambo ya namna hii yakitokea. Mama yule alilinusa vazi, akaweka sikio kifuani pake, akarudi nyuma upesi.

"Humu mna mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, hili ni jini mahaba. Limekupenda wewe. Linamnyonya joto kijana wangu, ndiyo maana anaganda. Tukilegea tutamzika."

"Mbona linapiga mluzi wake, shangazi?"

"Limemwibia. Litakuita, litakubembeleza, usiitike. Wewe ndiye uliyelishona, wewe ndiye utakayelifumua."

Mshonaji akachukua mkasi. Alianzia miguuni, shangazi akinong'ona dua zake na mume akiwa amesimama mlangoni, yeye ambaye tangu aanguke hakuwa amesimama bila kushikwa, na kila uzi ulipokatika joto lilipanda, kutoka magotini likakimbilia kiunoni, kutoka kiunoni likakimbilia mbavuni, mpaka likajikusanya lote kifuani, penye kile kipande cha gauni, na hapo likaanza kudunda, likidunda mbio mbio chini ya vidole vyake, na mikono mitupu ya vazi ikainuka polepole, isimkabe, isimpige, ikamshika viganja vyote viwili, na kutoka ndani ya kofia ya kioo sauti ndogo ikasema, "Sindano. Sindano wangu, acha."

Mkasi ukamponyoka. "Shangazi! Jina hilo hakuna mtu anayelijua!"

"Limemwibia na hilo! Kata, mwanangu, usiliangalie!"

Akauokota, akakata. Alikata huku akilia kwa kwikwi, akakifumua kipande cha gauni, na vyote wakavitia kwenye tanuri la taka. Kilichopiga kelele mle ndani hakikuwa na hasira. Kililia kama mtu anayeumia.

Kufumba na kufumbua, mume akapata rangi usoni. Akacheka. Shangazi akapiga kigelegele, akatoka kwenda kuwatangazia majirani, na wawili wale wakabaki peke yao. Mume akashusha pazia, akamkumbatia mkewe, na alikuwa na joto, joto zuri la mtu. Mshonaji akamwegemea kifuani, machozi na kicheko pamoja. Ile harufu ya vumbi bado ilikuwepo, ila kwa mbali.

"Niite basi," alimwambia. "Niite lile jina langu."

Mume akamshika nywele taratibu, kwa mapenzi ya kweli.

"Utanifundisha," akasema. "Nilikuwa nakuona tu, kupitia dirisha la karakana, ukishona. Siku nyingi nilikuona. Lakini sauti hazifiki kule nje."

Mshonaji alitega sikio kuelekea karakana, akasubiri mluzi, akausubiri kwa roho yake yote. Karakana ilikuwa kimya.