Chai Isiyo na Chumvi

Kila asubuhi nyumbani kwa Odinamo, katika kijiji cha milimani, chai ilipikwa kwa maziwa, siagi na chumvi. Mkate ulimegwa ukalowekwa humo. Savrinamo, mke wa mwanawe, ndiye aliyegawa bakuli.

Tangu mwezi wa tano, bakuli zilikuwa zikilia mikononi mwake. Ti-ti-ti-ti.

"Ziweke chini, mwanangu," Odinamo alisema. "Zinanitia hofu."

"Samahani, mama. Ni dawa. Daktari alisema mikono itatetemeka kidogo."

"Dawa gani ya kumtetemesha mtu mzima?"

Dawa hiyo ilikuwa ngeni nyumbani. Mwaka uliopita Savrinamo alikaa siku sita bila kulala. Alifuma soksi za sufu usiku na mchana, akazigawa kwa wapita njia, akatembea peku kwenye theluji huku akicheka. Kisha akazimika. Miezi mitatu alilala akiutazama ukuta. Mlango ukibishwa, moyo wake ulikwenda mbio.

Daktari wa mji wa Khorog alisema ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, pamoja na wasiwasi. Akampa vidonge vya lithiamu. Alimweleza mengi. Lakini Savrinamo alikwenda peke yake, na kwa hofu yake alisikia nusu tu.

Vidonge vilimletea kiu. Hata saa sita mchana alikwenda kunywa kwenye chemchemi. Katika kijiji kile, hakuna anayekwenda pale saa hiyo. Ni saa ya pari, wale wasioonekana.

Siku moja Odinamo alimfuata kimyakimya. Alimkuta amepiga magoti, anachota maji kwa viganja. Hapakuwa na upepo. Ndege walikuwa wamenyamaza.

"Mama," Savrinamo alisema bila kugeuka, "majini kuna nyuso mbili."

Odinamo alikimbia. Alifika nyumbani akihema. Hakukumbuka kwamba uso wa pili ulikuwa wake mwenyewe.

Kesho yake alikwenda kwa mpiga ramli wa kijiji cha juu.

"Pari hawali chumvi," mzee yule alimwambia. "Mpikie chakula cha kwao siku kumi. Watashiba, watamwachia."

Odinamo alimpenda mke wa mwanawe. Kwa hiyo aliifungia chumvi sandukuni. Chai ikawa haina chumvi. Supu na mkate vilevile. Savrinamo aliona, lakini aliona haya kuuliza. Mumewe, Mamadsho, alikuwa malishoni juu na kondoo. Angemwambia nani?

Siku ya tano bakuli zilimponyoka. Siku ya saba alitapika. Siku ya nane aliyumba, akataka kushika nguzo ya nyumba, akaikosa.

"Ng-nguzo zi-mekuwa ny-nyingi," alisema. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwingine anayesema kwa kinywa chake.

Odinamo alirudi nyuma hadi ukutani. "Wanakataa kutoka," alinong'ona. "Bado siku mbili tu."

Hapo mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mavzuna, jirani yao, muuguzi wa zahanati, aliyejua kwamba Savrinamo anameza lithiamu. Alikuja kuazima chekecheo.

"Karibu chai," Odinamo alisema haraka, akijikaza. "Umekonda kama sindano zako."

Mavzuna alicheka, akapiga funda moja, akakunja uso. "Shangazi! Leo umesahau chumvi?"

"Sikusahau."

Mavzuna alimtazama Odinamo. Kisha akamtazama Savrinamo. Kicheko kikamwisha. Akaweka bakuli chini.

"Savrinamo, dada yangu, nyoosha mikono. Sasa tembea mpaka hapa nilipo."

Savrinamo alipiga hatua mbili, akaanguka kifuani kwake.

"Chumvi imekatwa tangu lini?"

"Siku nane. Zimebaki mbili," Odinamo alisema. "Ni pari, Mavzuna. Wa chemchemi. Nilimkuta pale saa sita mchana."

"Mambo ya pari siyajui, shangazi. Mimi najua figo. Sikiliza. Dawa hii na chumvi ni kama ndugu. Mwili ukikosa chumvi ghafla, figo huishikilia dawa isitoke. Inajaa, inajaa, kama maji kwenye mfereji ulioziba. Ikizidi ni sumu. Kutapika, kuyumba, ulimi kuwa mzito, zote ni dalili za sumu hiyo."

"Mimi ndiye niliyemtilia sumu?" Odinamo aliuliza.

"Hukujua. Ila siku mbili hizo ulizotaka kungoja zingemuua. Leo asimeze kidonge. Mwite jirani mwenye gari, sasa hivi!"

Hospitalini damu ilipimwa. Dawa ilikuwa imezidi sana. Savrinamo aliwekewa dripu. Odinamo alikaa kando ya kitanda siku tano, akimfuta jasho. Mamadsho alishuka kutoka malishoni na matope miguuni.

Siku ya sita Savrinamo alisema kwa sauti yake mwenyewe: "Sitaki tena vidonge hivi. Naviogopa."

"Ni haki yako kuogopa," daktari alimjibu. "Lakini usiache kimyakimya. Tuzungumze, na wa nyumbani wasikie."

Safari hii yalisikiliza masikio sita: ya Savrinamo, ya mumewe na ya Odinamo. Kiwango cha dawa kitapunguzwa. Damu itapimwa kila anapoitwa. Chumvi isipunguzwe wala isizidishwe, na maji anywe ya kutosha. Akihara au akitapika, aende zahanati siku hiyohiyo. Hata dawa ya maumivu asimeze kabla ya kuuliza. Savrinamo alifikiri kutwa nzima. Jioni akasema, "Nitajaribu tena."

Vuli ilipofika, alikuwa akilala usiku na kuamka asubuhi. Alifuma jozi moja ya soksi kwa juma, akaiuza. Wasiwasi bado ulikuja baadhi ya siku, lakini haukukaa. Na kila asubuhi Odinamo alionja chai kwanza kwa ncha ya ulimi, akasema, "Imo."

Asubuhi moja walikuwa wamekaa hivyo. Ghafla bakuli zikaanza kulia.

Ti-ti-ti-ti.

Wote waligeuka kutazama mikono ya Savrinamo. Ilikuwa mapajani, imeshika sindano za kufumia. Imetulia.

Bakuli zilikuwa zikilia zenyewe, juu rafuni. Vumbi likadondoka kutoka darini.

"Tetemeko la ardhi," Mamadsho alisema.

Likapita. Bakuli zikatulia.

"Leo si mimi, mama," Savrinamo alisema.

Odinamo alichungulia dirishani, akautazama mlima.

"Na huu nao," aliuliza, "nani kaunyima chumvi?"