Mkanda Mbovu wa Mashine ya Baba

— Umeifanya nini mashine?

— Nimeitengeneza.

— Nimekuuliza umeifanya nini!

Nilikuwa na grisi hadi viwikoni, usoni nina tabasamu la mtu anayesubiri pongezi. Nyuma yangu mashine ya kusaga ya baba yake ilikuwa inazunguka sawasawa, haina kikohozi wala kigugumizi. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kumuuguza shangazi yake siku tatu, begi bado liko begani. Mtaa mzima tunamwita Vumbi, maana tangu utotoni hakuna aliyewahi kumwona bila unga kwenye nywele. Mimi naitwa Spana. Hilo halihitaji maelezo.

— Ule mkanda wa zamani uko wapi?

— Ulikuwa na kiraka, Vumbi! Kila ukizunguka unaruka. Du, du, halafu unajivuta, ta! Miaka miwili nausikiliza ule ugonjwa mpaka naota. Nimefunga mpya.

Akakaa juu ya gunia. Hakulia. Afadhali angelia.

— Keshokutwa naimba mbele ya lile kundi la muziki linalotafuta mwimbaji, Spana. Nitaimba na nini?

Ngoja nieleze, maana hata mimi sikuelewa pale pale. Vumbi hakulelewa na nyimbo, alilelewa na kelele. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na toka hapo akitoka shule alikuja mashineni kuita wateja. "Anayefuata! Debe la bluu, anayefuata!" Ili asikike, sauti ilibidi itoke tumboni. Shuleni mwalimu wa kwaya akamwambia afungue mdomo tu asitoe sauti, anawafunika wenzake. Akaiacha kwaya.

Alipofika miaka kumi na minne, mteja mmoja alisahau redio yenye kanda ya roki. Muziki mwingine wote mashine ile huumeza. Magitaa yale yalisikika! Mwaka huo huo mkanda ukakatika, baba yake akautia kiraka, na mashine ikaanza kuchechemea. Vumbi akaanza kutunga. Nyimbo zake zote, zote kabisa, zinatembea kwa ule mguu mbovu. Hana saa nyingine kichwani.

— Nani alikutuma?

Nikafuta grisi kwenye suruali.

— Spana, nani alikutuma?

— Baba yako. Nilienda kumwambia nataka kukuoa. Akaniambia, "Fundi wa kweli hawezi kuiacha mashine ya mkwewe ichechemee. Itengeneze, ndipo tuongee."

— Kwa hiyo mmenibadilisha na mkanda.

— Si hivyo, mpenzi...

— Ni hivyo hivyo!

Akanipa kisogo, akaondoka. Nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe.

Nikamtumia meseji: *Nisamehe mpenzi. Naomba tuongee.*

Tiki zikawa za bluu. Jibu likaja baada ya saa nzima: *Unaomba msamaha wa kitu ambacho hujakielewa. Jumamosi usije.*

Ijumaa sikukalika. Nilifungua redio ya mteja mara tatu, nikaifunga mara tatu, na skrubu moja ikabaki mezani inanitazama. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikaanza kupanga mfuko wa vifaa, na humo nikakuta karatasi lililokuwa limefunga ule mkanda mpya alionipa baba yake Vumbi. Lilikuwa na unga. Sasa, unga wa wiki moja ukiupuliza unaruka. Huu ulikuwa umeganda wa miaka, nikaukwangua kwa kucha.

Nikaenda mashineni mbio.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Mbona uso umekukunjamana?

— Mkanda ulionipa uliununua lini?

Mzee akazima mashine. Wateja kwenye foleni wakaguna.

— Mwaka ule ule wa zamani ulipokatika. Kiraka nilikishona cha siku mbili tu, nikaenda kununua mpya. Niliporudi nikamkuta binti yangu anaimba na kiraka. Sijawahi kusikia mtoto akiimba vile. Nikauficha mpya juu ya dari.

— Miaka sita?

— Miaka sita. Wateja wametukana, unga umetoka chengachenga, mimi kimya.

— Na sasa?

— Sasa lile kundi likimchukua, wanazunguka miji miezi minane. Nikibaki hapa na kelele hizi, nitaongea na nani?

— Kwa hiyo ulijua bila mkanda ule atashindwa.

Akaangalia viganja vyake vyeupe.

— Nilijua.

— Mzee, umemkata mwanao sauti, na mkono uliotumia ni wangu!

Adabu yote ilinitoka. Aliwasha mashine, na mimi nikatoka bila kuaga.

Jumamosi saa tisa alasiri nikaenda ukumbini, katazo au si katazo. Nikajibanza nyuma kwenye viti vya plastiki. Jukwaani palikuwa na mpiga gitaa, kiongozi wao, ambaye wenzake walimwita Ndevu, na mpiga dramu anayetafuna bigijii. Vumbi alishika maiki kwa mikono miwili.

Dramu zikaanza, zimenyooka kama rula. Vumbi akachelewa kuingia.

— Tena, — akasema Ndevu.

Safari hii aliwahi. Sauti ikapanda, ikapotea njiani, akanyamaza.

— Dada, sauti unayo. Ila hujui unaingilia wapi.

— Naomba mara moja tu, kaka.

— Ya mwisho. Kuna wenzako nje.

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta mbele, nimepiga goti kando ya boksi tupu la spika, nalipiga kwa viganja. Du, du... ta. Du, du... ta. Mimi si mwanamuziki. Lakini fundi huusikiliza ugonjwa kuliko mwenye mashine, na ule niliujua mpaka pumzi zake.

Vumbi akageuka. Nilijua natukanwa. Akafumba macho.

— *Anayefuata ni mimi!* — akaimba. — *Mmepita wote, anayefuata ni mimi!*

Sauti ilitoka tumboni, ileile ya debe la bluu. Mpiga dramu aliacha kutafuna. Akasikiliza mizunguko miwili, akaukamata ule mguu mbovu, na gitaa la Ndevu likafuata. Nikatoa viganja vyangu taratibu. Vilikuwa vinawaka moto, na mimi nalia bila aibu.

Walipomaliza, Ndevu akauliza:

— Huo mdundo mmeutoa wapi?

— Kwangu.

Tuligeuka wote. Mzee alikuwa mlangoni, mweupe kwa unga kuanzia kope, ule mkanda mkuukuu ameuvaa begani. Jumamosi, foleni imejaa, na yeye alikuwa amefunga mashine.

— Baba?

— Huyu fundi hana kosa, mwanangu. Mkanda wangu, hila yangu. Nilitaka ubaki.

— Si ungeniambia tu? Ningebaki.

— Najua. Ndiyo maana niliona aibu kukuomba, nikaiachia mashine iniombee.

Hapo ndipo Vumbi alipolia. Alimkumbatia baba yake mpaka wote wakawa rangi moja. Ndevu akakohoa, akamwambia Vumbi safari ni Jumatatu, hataki kuchelewa.

Kisha Vumbi akanigeukia mimi.

— Na wewe. Nilikuambia usije.

— Sikuiona meseji.

— Tiki zilikuwa za bluu.

— Niliisoma kwa jicho moja.

Akacheka huku kamasi zinamtoka. Sijawahi kumpenda kama dakika ile.

— Baba alikupa sharti, ukitengeneza utanipata.

— Ndiyo.

— Sasa pokea langu. Ukiharibu, utanipata.

Jumatatu, gari lao lilipoondoka, nikavua mkanda mpya na kuurudisha ule wenye kiraka. Fundi kuharibu kazi yake kwa mikono yake, jamani, inauma! Wateja walinitukana mpaka nikawazoea. Kila saa nne asubuhi simu ya Vumbi ililia, mzee akaniwahi kuipokea, akaisogeza karibu na puli inayozungusha mkanda. Du, du... ta. Kwa mbali tulimsikia binti akianza kuimba, na mzee akifuta macho kwa kisingizio cha unga.

Miezi minane ikapita hivyo, kiraka nikikishona upya kila kilipotaka kuachia.

Siku moja, foleni ndefu, mzee ameinamia kinu, kazi ya kuita kaniachia mimi.

— Anayefuata!

— Ni mimi.

Sauti hiyo ilizipita kelele zote. Nikajibu bila kuinua kichwa, maana niliogopa nisije nikakuta si yeye:

— Debe lako liko wapi?

— Sina debe. Nimekuja kumchukua fundi.