Waliobonyeza Tangazo Lao Wenyewe

Karakana ya fundi wa kutengeneza cherehani ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ndani mlikuwa na meza ndefu, taa ya kuning'inia, na rafu zilizojaa cherehani zilizofunguliwa. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimletea cherehani, huzungusha gurudumu kwa mkono, husikiliza, kisha husema ubovu uko wapi. Mara nyingi hakosei.

Mkewe ndiye aliyeongea na wateja. Yeye pia ndiye aliyeifungulia karakana tovuti, yaani kurasa za mtandaoni ambazo mtu huzisoma kwenye simu. Tovuti ilikuwa na picha ya fundi akitabasamu kwa shida, namba ya simu, na maneno haya: "Karibuni sana wateja wetu wapendwa." Basi, hakuna zaidi.

Wateja walikuwa wamepungua. Kiwanda cha nguo cha mji mwingine kilimwita fundi akafanye kazi huko. Malazi yalikuwa ya mtu mmoja tu. Fundi aliomba asubiriwe kidogo.

"Mambo yasipobadilika nitakwenda, mama watoto," alisema.

Mkewe hakutaka kuwa na mume wa kwenye simu.

Ndipo alipolipia tangazo. Mtu akiandika "fundi wa kutengeneza cherehani" kwenye mtambo wa kutafuta mambo mtandaoni, karakana yao ilitokea juu kabisa. Lakini chini ya matangazo huwa kuna majibu mengine, yasiyolipiwa. Huko walikuwa mbali sana, kwenye kurasa ambazo watu hawafiki. Mke wa fundi akawaza: tangazo likibonyezwa sana, mtambo utaona sisi ni maarufu, nasi tutapanda hata kule chini. Lilikuwa wazo zuri. Tatizo ni kwamba halikuwa kweli.

Kila asubuhi kabla ya chai aliwapanga watu wa nyumbani.

"Haya, tafuteni! Bonyezeni!"

Watoto walibonyeza wakakimbilia shule. Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa hodari kupita wote. Alivaa miwani, akabonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza tena, kwa bidii ya mtu anayepukuchua mahindi.

"Leo nimelisukuma kweli," alisema. "Litafika tu."

Ikifika mchana, tangazo halikuonekana tena. Mke wa fundi alidhani mtambo umewachukia.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa mwanamke anayetengeneza tovuti za maduka. Asubuhi moja alileta cherehani yake iliyokwama, akawakuta wako kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe alijibu. "Nisubiri kidogo, nina kazi."

"Kazi gani?"

"Nabonyeza tangazo letu."

Jirani akaiweka cherehani mezani polepole. "Mnabonyeza tangazo lenu wenyewe?"

"Kila siku," mke wa fundi alijibu kwa fahari.

"Shoga yangu! Mtu akibonyeza tangazo, mwenye tangazo anakatwa pesa. Mmeweka kiasi cha kutumia kwa siku, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi mnakimaliza wenyewe hapa mezani. Mteja anapoanza kutafuta fundi, tangazo limeshaondoka. Wakati mwingine mtambo hugundua mchezo huo na hauwakati pesa, lakini msiutegemee."

Mama mkwe akaifunika simu mezani, akatazama dari. Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Ilikuwa muda mrefu hajacheka.

Mke wa fundi hakucheka. Aliona aibu, na aibu ikamfanya aulize kwa ukali. "Lakini si tunapanda kule chini?"

"Hapana. Hebu tazama." Jirani akamwonyesha simu. "Hapa juu pameandikwa kwamba ni tangazo. Nafasi hii inalipiwa. Huku chini hakuuzwi. Ulipe sana, ulipe kidogo, usilipe kabisa, hupandi wala hushuki kwa sababu hiyo."

"Nikiacha kulipa, hautatuwekea kinyongo?"

"Mtambo hauna kinyongo. Tangazo litaondoka. Huku chini mtabaki palepale."

"Palepale pabaya," alisema fundi.

"Ndiyo, shemeji. Palepale pabaya."

"Sasa tangazo lina faida gani?" mkewe aliuliza.

"Linayo. Linakuonyesha leo kwa mtu anayetafuta leo. Pengine akakukumbuka, akamtajia mwenzake. Lakini hiyo ni faida ya kujulikana na watu. Nafasi ya chini hujainunua."

"Huko chini mtu anapandaje?"

"Kwa kujibu anayeuliza. Mtambo unasoma kurasa zako na kupima kama zinamfaa mtu. Zenu zinasema nini?"

"Zinasema karibuni."

"Karibuni kufanya nini? Wateja wakija hapa huuliza nini?"

Fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Kwa nini inaruka mishono. Kwa nini uzi unakatika. Kwa nini inapiga kelele."

"Andikeni hayo. Semeni mko mtaa gani na mnafungua saa ngapi. Msitegemee matokeo ya kesho, huchukua miezi. Na mtu akiwaahidi nafasi ya kwanza huko chini kwa malipo, mkimbieni."

Alasiri hiyo mke wa fundi alivuta kiti. Kumtoa mumewe maneno ilikuwa shughuli pevu.

"Kwa nini inaruka mishono?"

"Sindano."

"Sindano imefanya nini?"

"Imepinda."

"Mtu atajuaje?"

Fundi akachukua sindano na kipande cha kioo. "Ailaze juu ya kioo, upande wake bapa uwe chini. Nafasi kati ya sindano na kioo iwe sawa mpaka kwenye ncha. Isipokuwa sawa, aitupe." Akafikiri kidogo. "Lakini tukiwaambia yote haya, si watajitengenezea?"

"Wa sindano watajitengenezea. Wengine watakuja."

Waliandika hivyo, swali moja baada ya jingine. Tangazo waliliwasha msimu wa sare za shule tu, na nyumbani hakuna aliyeligusa. Kwa muda mrefu hakukuwa na mabadiliko. Mke wa fundi alianza kumfulia mumewe nguo za safari, akizikunja kwa hasira.

Kisha watu wakaanza kuja, mmoja mmoja. Siku moja mshonaji alifika na cherehani iliyofungwa kwenye shuka, kutoka upande wa pili wa mji.

"Umeliona tangazo letu?" mke wa fundi alimuuliza.

"Tangazo gani? Mimi niliuliza kwa nini cherehani yangu inaruka mishono, nikapata maelezo yenu. Nimebadilisha sindano, bado inaruka. Nikasema, nimpelekee huyohuyo."

Fundi akazungusha gurudumu, akasikiliza. Simu yake ikalia. Walikuwa watu wa kiwandani, wakitaka jibu la mwisho.

"Nashukuru sana, bwana," alisema, mkono bado uko kwenye gurudumu. "Lakini sitakuja. Kazi ipo hapa."

Mkewe akageukia ukutani, akajifuta machozi kwa shuka ya mteja. Mteja aliona, akamwachia shuka.