Kutitia Kidogo kwa Udongo

"YAH: KUTITIA KIDOGO KWA UDONGO, KIWANJA CHA BI. SABINA SHIMBA, ILEMELA." Hivyo ndivyo jalada lilivyoitwa, na hadi leo halijabadilishwa jina.

Bi. Sabina ni mama yangu mdogo. Kabla mji haujafika, kiwanja chake kilikuwa zizi la ng'ombe, na Wasukuma wa kale walikuwa wakimzika mwenye mji, yaani mkuu wa kaya, zizini mwake. Misingi miwili ilikwisha kuzama pale. Ofisi ya ardhi ikamwandikia kwamba asipojenga kabla ya masika, atanyang'anywa. Udongo wenyewe haukupewa nakala.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara huria imeruhusiwa, chokaa imejaa madukani. Fundi Josephat akaichanganya na udongo ili ugande, akanyunyizia maji, vibarua wakashindilia kwa magogo. Ulipokauka akaukanyaga kwa kisigino. Hakuna alama.

"Mwamba huu, mama."

Mchana akaja Bwana Kashindye wa ardhi kukagua. Vibarua walikuwa wanakula ugali kando, magogo wameyalaza chini. Nami nilikuwepo.

Du.

Tukatazamana.

Du. Du.

Ilitoka chini. Kwa mwendo uleule wa kushindilia.

"Mama, tuondoke," Josephat alinong'ona. "Mwenye mji amekataa."

"Amekataa kwa barua?" mama mdogo akauliza.

Akavua kandambili, akaenda katikati, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Akaendelea:

"Wewe umelala hapa. Na mimi nitalala hapa. Sihami."

Akainuka, akashika gogo, akapiga. Chini kukajibu. Akapiga tena. Kukajibu tena, kwa nguvu zaidi, hadi meno yangu yakagongana. Jasho lilimtiririka, mikono ikatoka malengelenge. Hakuacha.

Huko chini ndiko kulikonyamaza kwanza.

Bwana Kashindye wakati huo alikuwa barabarani, kiatu kimoja mguuni. Aliandika "kutitia kidogo". Serikali haina fomu ya mwenye mji aliyekataa.

Pale mama mdogo alipopiga goti, udongo ulikuwa umetuna. Kiganja. Vidole vitano vimetokeza juu, katika ardhi ambayo kisigino hakikuweza kuibonyeza.

Josephat alitaka kukichonga kiondoke. Mama mdogo akakataa, akajenga nyumba, akaweka kiti chake juu ya kiganja kile. "Aliyeshika, ashike vizuri," alisema.

Kilichotokea ni hiki: mama mdogo alishindilia kutoka juu, mtu mwingine akashindilia kutoka chini, na nyumba haijatitia.